Boneti la Shemeji

Boneti la faiba likipasuka vipande viwili, nalirudisha. Likipasuka vitano nalirudisha pia, ila usinisimamie kichwani. Mdogo wangu aliniletea lake ndani ya gunia.

Alilitua mlangoni mwa karakana, akasimama pembeni kama mtu aliyegonga mbwa wa jirani. Nikamwaga vipande sakafuni, nikaanza kuvipanga ukingo kwa ukingo, kama ninavyofanya siku zote kabla ya kumpa mtu habari mbaya. Akasema komeo lilikuwa limelika. Alipokuwa mwendoni upepo ukaliinua boneti, likapiga kioo, likaruka juu ya paa, na lori lililokuwa nyuma likapita juu yake. Alichookota ndicho alichokiona. Pua yote ya mbele, pale taa zinapokaa, haikuwemo.

Jirani yangu mchomeleaji, tunayemwita Cheche, alikuja akatazama, akauliza kama gari lenyewe nalo linakuja kwenye gunia jingine. Mdogo wangu hakucheka.

Nieleze mambo ya nyumbani kwanza, maana bila hayo hili ni boneti tu. Tumezaliwa watatu. Dada ndiye mkubwa, na ndiye aliyetulea mama alipofariki. Mimi niliacha shule mapema nikaingia kazini. Huyu wa mwisho akabaki mgongoni kwa dada. Sasa ni mtu mzima, ana mvi na ana watoto, lakini kwetu ni Kitinda na atazeeka akiwa Kitinda. Mimi dada ananiita Wa Kati. Watu wa kazini wananiita Faiba, kwa sababu ya kazi yangu. Kuna magari ya zamani ambayo mwili wake si bati, ni nyuzi za kioo zilizolowekwa rezini, ile gundi ya kemikali, zikagandishwa zikawa ngumu. Bati likigongwa hujikunja, ukalinyoosha. Faiba haijikunji. Inapasuka, na ufa wake usipoukata mwisho wake unaendelea kutembea hata gari likiwa limesimama.

Dada aliolewa na mtu mpole, mcheshi, asiyejua hata kushika nyundo. Huyo shemeji na Kitinda walipendana kuliko tulivyopendana sisi wa tumbo moja. Walinunua magari mawili ya aina moja kwa mtu mmoja, vigari vya faiba vya milango miwili, vya zamani hata wakati huo. Chekundu kilikuwa cha Kitinda. Kingine shemeji alikipaka bluu mwenyewe. Jumapili walikuwa wanaviegesha pua kwa pua nje kwa dada, wanafungua maboneti yote mawili, wanatazama ndani kama madaktari, na hakuna aliyejua chochote.

Shemeji alipofariki, Kitinda hakuja mazikoni. Alipiga simu asubuhi akasema yuko njiani. Tukamngoja, tukamngoja, mwishowe tukazika. Aliniambia mimi baadaye: aliliegesha lile gari jekundu kando ya barabara, mahali ambapo tayari alikuwa anayaona mapaa ya mtaa wa dada, akashindwa kushuka na akashindwa kuendelea. Alikaa humo mpaka alipojua watu wametawanyika, akageuza. Dada hakuwahi kuambiwa hayo. Kitinda aliona aibu siku ile, aibu ikazaa aibu nyingine, mwaka ukapita na mwingine ukafuata. Kila nilipomtaja, dada alikuwa na jibu lake moja, "Angekuja hata kwa kutambaa," halafu ananiuliza kama nimekula.

Sasa boneti la gari lile halipatikani popote. Waliolitengeneza walishafunga zamani. Kipande cha mbele kikikosekana huwezi kukibuni kwa macho, kitatoka kimepinda na taa zitatazama juu kama za mlevi. Njia iliyobaki ni kuchukua boneti zima la gari kama hilo, kulipaka nta, kulaza juu yake nyuzi na rezini, na vikiganda unabandua. Unapata kalibu, na ndani ya kalibu unajenga boneti jipya. Na boneti zima nililolijua mimi lilikuwa moja tu, na lilikuwa kwa dada.

Kitinda alijua kabla sijasema. Nikamwambia aende mwenyewe akaombe. Akasema afadhali atembee kwa miguu mpaka afe. Basi nikaenda mimi, na sikwenda kwa ajili ya gari. Nilikuwa nimechoka kubeba salamu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, zote narudi nazo kama nilivyozibeba. Hawa wawili ndio ndugu nilionao. Nilitaka nikae nao tena kwenye chumba kimoja, basi.

Nilimkuta dada analiosha lile gari la bluu. Tangu shemeji afe halikuwahi kutoka kwenye kibanda chake, lakini alikuwa analiosha kila Jumamosi kwa kitambaa laini, polepole, kama anayemwogesha mtoto mwenye homa. Mimi lile gari nilikuwa naliangalia kwa shida. Shemeji alilipaka kwa brashi, rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka milango ya nyumba. Ilikuwa imechuruzika karibu na taa ikagandia hapohapo. Nywele za brashi zilinasa ndani yake. Juu ya boneti ungeweza kuona mkono ulipoanzia na ulipochoka. Niliwahi kumwambia dada nitalipulizia rangi upya, bure, litoke kama kioo. Alisema liache. Nikadhani anaona haya kunisumbua.

Nikamweleza shida ya Kitinda. Alisikiliza huku anakamua kitambaa, akakikamua mpaka kikakosa maji, akaendelea kukikamua.

"Anakula vizuri huyo?" akauliza.

Nikasema anakula. Nikasema amekonda kidogo. Hakuwa amekonda.

Akakitandaza kitambaa juu ya paa la gari. Halafu akasema, "Lichukue. Lakini kulirudisha, alirudishe yeye. Alibebe kwa mikono yake mpaka hapa mlangoni, nimwone."

Nikasema sawa, ataleta yeye.

"Na lirudi kama lilivyo, Wa Kati."

"Litarudi kama lilivyo, dada."

Hapa kuna jambo la kazi ambalo lazima nilieleze. Kabla ya kumwaga rezini juu ya rangi ya zamani, unajaribu kwanza. Unachagua pembe moja, unapaka nta, unadondosha rezini kidogo, unaacha igande, unabandua na kuangalia. Rezini mbichi ina ukali wake. Rangi ya kupulizia iliyokaushwa vizuri inauvumilia. Rangi ya mafuta iliyopakwa nene kwa brashi unaweza kudhani imekauka, kumbe chini bado ina ulaini wake hata miaka ikipita, na ule ukali ukipenya kwenye nta unaivimbisha, unaikunja, unaikamatisha na kalibu. Jaribio linaacha baka dogo kama sarafu. Huwezi kulificha kwa kujaribu upande wa chini, kwa sababu chini shemeji hakupaka kitu.

Nilipokuwa nafungua bawaba nilimwambia dada kwamba nitaanza na alama ndogo pale pembeni. Akaweka kiganja juu ya boneti.

"Alama gani tena? Si umesema litarudi kama lilivyo?"

Ningemwambia kwamba bila alama hiyo naweza kuliharibu lote. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikamwangalia, uso uleule uliokuwa umetoka kuuliza kama Kitinda anakula, nikaona nikimtia wasiwasi kidogo tu atasema basi, rudisha bawaba, na mlango utafungwa. Nikasema hakuna alama. Nikajiambia nitapaka nta ya kutosha. Watu wa kazi yetu tuna imani sana na nta.

Kitinda nilipomweleza aliketi juu ya pipa la rezini akataka nirudie maneno ya dada kama yalivyotoka.

"Alisema 'nimwone'?"

"Alisema nimwone."

"Hakusema 'nimwone' kwa ubaya?"

Nikamwambia kama anataka kujua alilisema kwa sauti gani, angekwenda mwenyewe. Lakini nilikuwa nacheka, na yeye akacheka, na ilikuwa zamani sana tangu nimsikie.

Kuanzia hapo akawa anakuja karakana kila akitoka kazini kwake. Tuliliweka boneti juu ya farasi za mbao tunazolazia kazi, tukaliosha, tukaanza nta. Unapaka, unangoja ikauke, unafuta kwa kitambaa, unapaka tena. Kazi ya kuchosha, na Kitinda aliifanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Alizungumza wakati wote. Alikuwepo siku shemeji alipopaka ile rangi. Alisema shemeji alivaa kofia ya mke wake asichafuke nywele, akachafua kofia. Alisema walibishana kama rangi imekauka, na shemeji akaweka dole gumba lake pale karibu na ukingo, akabonyeza.

"Nilimwambia usibonyeze," Kitinda akasema. "Akabonyeza. Tazama."

Alama ya dole gumba ilikuwepo kweli, na mistari yake yote. Mimi niliyewahi kulitazama lile boneti mara nyingi sikuwahi kuiona, au niliiona nikaiweka kwenye hesabu ya uchafu. Kitinda alipitisha nta juu yake kwa ncha ya kitambaa, akafuta polepole kuliko sehemu nyingine.

Kalibu tuliijenga pamoja. Tabaka la kwanza la rezini yenye rangi, kisha nyuzi, kisha rezini, kisha nyuzi, tukapachika mbao juu ili isipinde. Hali ya hewa ilikuwa kavu, rezini iliganda bila kutoa mapovu, kila kitu kilikwenda kama kinavyotakiwa. Kitinda aliondoka anapiga mluzi.

Siku ya kubandua yeye alikuwa kazini kwake. Nilianza pembeni kwa kabari za mbao, nikamimina maji kwenye ule mwanya ili yatembee ndani na kusukuma. Kalibu nzuri ikianza kuachia inatoa sauti fulani, kama mtu anayevuta mguu kutoka kwenye tope, na ukiisikia mara moja basi imekwisha. Niligonga kwa nyundo ya mpira, nikangoja ile sauti. Nikaongeza kabari. Ukingo ukaachia kidogo halafu ukakataa. Maji yakarudi nje yakiwa na rangi ya bluu.

Nilijua palepale. Nikakaa chini.

Cheche alikuja akainama, akatazama yale maji, na kwa mara moja maishani mwake hakuwa na mzaha. Akasema vimeshikana, kimoja lazima kife. Kipi?

Sikufikiri hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Kalibu ilikuwa kitu changu, ya juzi. Boneti lilikuwa la dada, na nilikuwa nimeahidi. Nilichukua grainda nikaikata kalibu vipande virefu kama mbao za sakafu, kwa uangalifu mkubwa, jiwe lisiguse boneti, halafu nikawa natia kabari chini ya kila kipande na kukibandua. Kila kipande kilitoka na rangi ya shemeji. Ilitoka nzima, kama ngozi iliyoungua. Ukikigeuza unaona mistari ya brashi, unaona ilivyochuruzika, kila kitu, ila kimegeuka nyuma mbele. Chini yake boneti lilibaki tupu, la kijivu, na nilipobandua kipande cha kati likalia, ufa ukatoka katikati mpaka kwenye tundu la taa ya kushoto.

Ufa ule ndio uliokuwa umenishika akili. Nilikuwa naona ufa tu. Vile vipande vya kalibu nilivikusanya na takataka nyingine za karakana nikavitupa kwenye shimo la nyuma, na Cheche akalitia moto kama tunavyofanya kila shimo likijaa. Faiba ikiungua inatoa moshi mweusi unaonata. Tulifunga dirisha, nikaendelea na kazi.

Na kazi hiyo niliifanya. Nilitoboa tundu mwisho wa ufa ili usitembee. Nikalisaga boneti kutoka upande wa ndani mpaka ukingo wa ufa ukawa mwembamba kama karatasi, nikalaza nyuzi, kipande kidogo kwanza, kikubwa juu yake, na kikubwa zaidi, kila kimoja nakibonyeza kwa rola mpaka hakuna pumzi iliyobaki chini. Nje nikatia puti ya kusawazishia, kidogo sana, nikapiga msasa kavu, nikapiga msasa wa maji. Ungepitisha kiganja juu yake umefumba macho usingejua ufa ulikuwa wapi. Rangi niliifananisha na kibanzi cha ile ya zamani kilichokuwa kimebaki kwenye ukingo wa chini, nikachanganya mpaka bluu ikawa ileile.

Cheche alinitazama napima bomba la kupulizia, akasema, "Si upake kwa brashi tu, kama alivyopaka mwenyewe?"

Nikamwambia mimi sipaki gari kwa brashi. Nilimjibu vibaya. Akainua mikono akarudi kwenye cheche zake.

Kitinda alikuja nikiwa nimemaliza. Boneti lilikuwa juu ya farasi, linang'aa, taa ya dari inaonekana ndani yake. Alilizunguka. Nilimweleza yote, kwa kifupi, jinsi ninavyomweleza mteja: kilichotokea, nilichofanya, kwamba sasa ni imara kuliko lilivyokuja, na kwamba lake itabidi lisubiri maana kalibu haipo tena. Hakuuliza habari ya lake hata kidogo.

"Na lile dole?" akauliza.

"Lipi?"

"Dole lake, kaka."

Nikasema lilitoka na rangi.

"Likaenda wapi?"

Nikaonyesha nyuma. Alitoka akaenda kusimama kwenye lile shimo, akapekua majivu kwa mguu, kisha kwa fimbo, kisha akachuchumaa na kupekua kwa mkono. Faiba iliyoungua inabaki nyuzi tupu, nyeupe, zinachoma vidole. Aliporudi alikuwa anajikuna mikono yote miwili.

Akasema tumpigie dada tumwambie kabla. Nikasema tukimpigia atasema msije. Nilimkumbusha kwamba alisema lirudi kwa mikono yake, na hiyo ndiyo nafasi, hakuna nyingine. Nikasema dada ataona boneti zuri, ataona kwamba tumelihangaikia. Kitinda alinitazama kwa namna ambayo mdogo hamtazami mkubwa.

"Kaka, wewe unaona vizuri kweli?" akasema. Lakini hakuchukua simu. Alitaka kwenda. Alitaka kwenda kuliko alivyotaka kusema kweli, na mimi vilevile.

Tulikwenda Jumapili asubuhi. Kitinda alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijatoka. Nilitaka kumsaidia kubeba kutoka kwenye gari la kukodi mpaka mlangoni, akakataa. Boneti la faiba si zito, lakini ni pana, linakuziba usione unapokanyaga. Alilibeba mbele ya kifua limefunikwa shuka, anahesabu hatua kwa miguu yake, mimi namwongoza: kushoto kidogo, kuna jiwe, kuna ngazi.

Dada alikuwa ametoa viti vitatu nje. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Vitatu, na kimoja kina mto. Alikuwa amesuka nywele upya. Alisimama mlangoni akamwangalia Kitinda miguu, maana kwingine kote kulikuwa kumezibwa na boneti, na nikaona midomo yake inatetemeka kama ya mtu anayezuia kicheko au kingine.

"Viatu vyako bado unavaa upande," akasema.

"Shikamoo dada," Kitinda akasema kutoka nyuma ya shuka.

"Marahaba. Weka chini, mtoto, utaanguka nalo."

Akaliegemeza kwenye ukuta. Wakabaki wametazamana, na dada akanyoosha mkono akamshika shingoni, nyuma ya sikio, kama alivyokuwa akimshika wakati anamwogesha. Kitinda akafumba macho. Nilitamani wakati ule asitokee mtu wa kuigusa ile shuka. Ningekubali ibaki pale mpaka iozee ukutani.

Lakini dada alikuwa mtu wa kupokea kitu na kukiangalia. Akavuta shuka.

Aliinama, akapitisha kiganja juu ya boneti, kutoka juu kwenda chini, polepole, kisha akakirudisha, na mara ya tatu akapitisha ncha za vidole tu, pale karibu na ukingo. Akarudia palepale. Akarudia tena. Sikujua kama na yeye alikuwa anaijua ile alama mpaka nilipoona vidole vyake vinaitafuta.

"Rangi yake iko wapi?" akauliza.

Nikaanza kueleza. Nilieleza habari ya rezini na nta, na rangi ya mafuta, na ufa, na jinsi nilivyouziba. Nilisikia sauti yangu inaeleza vizuri. Akaningoja nimalize.

"Nimekuuliza iko wapi."

"Ilikamatwa na kalibu, dada. Kalibu niliikata. Tukaichoma."

"Mkaichoma."

"Ilikuwa takataka."

Sijui kwa nini nilisema neno lile. Ndilo neno tunalolitumia.

Kitinda akaingilia. Akasema kosa ni lake, asingeleta gunia lile karakana haya yasingetokea. Kisha akaanza kusema habari za siku ya mazishi, haraka haraka, kwamba alifika, kwamba alikuwa ameegesha karibu, kwamba aliona mapaa. Alikuwa ameyabeba maneno hayo miaka yote, yakawa yanamtoka ovyo, wakati mbaya kuliko wote ambao angeweza kuuchagua. Dada alimwinulia mkono anyamaze. Hakuwa na hasira usoni, afadhali angekuwa nayo. Alikuwa kama mtu aliyerudishwa nyumbani kutoka njiani.

"Kumzika hukuja," akamwambia. "Kumpiga msasa ndiyo umekuja."

Nikasema ni mimi, dada, yeye hakuwepo hata siku yenyewe. Akanijibu bila kunigeukia kwamba mimi ni fundi, fundi hufanya anachotumwa.

Kitinda alisimama kidogo. Halafu akashuka ngazi, akapita getini, akaenda. Hakwenda kwenye gari la kukodi. Alikwenda kwa miguu upande wa barabara kuu, na shati lake jipya limetoka nyuma. Nikamwita. Dada akachukua kile kiti chenye mto akakiingiza ndani, akarudi akachukua cha pili, kisha cha tatu, na mlango ukafungwa.

Nimempigia Kitinda mara nyingi tangu siku ile. Simu yake ikiita inaita tu. Mkewe aliniambia ameuza lile gari jekundu kwa mtu anayenunua vyuma vya kuyeyusha, bila boneti, bila kupatana bei. Kwa dada nimekwenda, nimekaa nje, nimeondoka.

Lakini asubuhi ile nilikuwa bado sijajua hayo. Nilikuwa na spana mfukoni na boneti mbele yangu, na gari lilikuwa kibandani limeachama kama kinywa kisicho na meno. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Nikalibeba, nikaliketisha kwenye bawaba, nikakaza boliti moja moja, nikafungua, nikasogeza kidogo, nikakaza tena. Liliingia mahali pake. Mwanya wa kushoto na wa kulia ulikuwa sawa, mwembamba, umenyooka tangu kwenye kioo mpaka kwenye taa. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kufunga boneti likakaa vile. Madigadi zote mbili na milango ilikuwa na brashi ya shemeji, imechuruzika na nywele zake, na katikati kulikuwa na kitu changu, laini, kinaonyesha mbingu.

Dirisha la jikoni lilifunguka. Nikainua kichwa.

"Fundi," dada akasema, "ukimaliza vuta geti."

Nikavuta geti.